Daraja la Chambeshi na Neno "Fidia"

Tarehe 12 Oktoba 1979, usiku, askari wa Rhodesia walilipua daraja la reli juu ya mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Walikuwa wameshuka kwa miavuli, wakafuata mto kwa mitumbwi, wakatega baruti. Daraja la barabara lililo jirani nalo liliangushwa vile vile. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakatika, nayo ilikuwa imekabidhiwa Julai 1976 tu.

Shabaha haikuwa daraja peke yake. Mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yakiendelea London tangu Septemba, na Zambia, iliyowapa hifadhi wapigania uhuru, ilikuwa na upungufu wa mahindi. Njia ya kaskazini ilipozibwa, ilibaki kutegemea njia ya kusini, yaani kupita mikononi mwa adui yule yule. Novemba madaraja mengine yalibomolewa.

Zambia ilipeleka shauri Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Novemba 1979 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 455. Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Katika kulaani, azimio halikung'ata maneno: liliutaja utawala haramu wa Rhodesia, likaitaja na Afrika Kusini kwa kushirikiana nao. Lakini lilipofika kwenye malipo, lilidai fidia kamili na ya kutosha kutoka kwa "mamlaka zinazohusika". Zipi? Halikusema, wala halikutaja kiasi.

Ugomvi wote umo katika maneno hayo mawili. Utawala wa Salisbury haukutambuliwa kisheria, utamdaije asiyekuwapo? Uingereza ndiyo iliyokuwa mwenye koloni mbele ya sheria, lakini askari wale hawakupokea amri kutoka London. Tena tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikazaliwa. Kuidai nchi hiyo changa kungekuwa ni kuwatoza waliopigana na mvunjaji gharama za uvunjaji wake. Kwa maoni yangu dai lilistahili kuelekezwa Uingereza, kwa kuwa mwenye kushika hati ya shamba huulizwa habari za ng'ombe waliotoka humo.

Wanafunzi huchanganya "fidia" na "dia". Yote mawili yametoka Kiarabu, ila kwa mizizi mbalimbali: dia ni malipo ya damu, fidia ni ya kurudisha kilichopotea. Azimio lilidai malipo kwa maisha na mali pamoja, na Kiswahili chetu kingeweza kuyatenga.

Jambo moja sijaona likizungumzwa sana. Azimio liliitaja Zambia peke yake kuwa ndiyo ya kulipwa. Reli ile ni mali ya nchi mbili kwa nusu kwa nusu, na ilijengwa kwa mkopo wa Uchina usio na riba, ambao mwaka 1979 Tanzania nayo ilikuwa bado inadaiwa.