Bodaboda na Simu: Kesi Iliyoanza Zamani

Mwaka 1973 yalitokea mambo matatu ambayo wakati ule hakuna aliyeyatia katika kapu moja. Tarehe 3 Aprili, mjini New York, mhandisi wa kampuni ya Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama kando ya barabara akapiga simu ya kwanza kwa kifaa cha mkononi kisichofungwa kwa waya wala kwenye gari. Kifaa hicho kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na aliyempigia alikuwa mshindani wake katika kampuni nyingine, ili amringie. Septemba ya mwaka huo huo maofisa wa jeshi la Marekani walikutana katika makao yao makuu, Pentagon, wakaafikiana juu ya mpango wa setilaiti za kumwonyesha mtu yuko wapi duniani. Ndio mfumo tunaouita GPS. Na hapa kwetu Tanzania, Bunge likatunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973.

Mambo hayo matatu leo yamekutana juu ya tangi la mafuta la pikipiki. Kijana yuko mwendoni, simu imefungwa kwenye usukani kwa kishikio, ramani inawaka, na ujumbe wa mteja unaingia. Kama hana kishikio, simu imebanwa kati ya shavu na kofia ngumu, na anajibu, "Nipo hapa Sheli, nakuja!" Nyuma yake kuna abiria, pengine mama mwenye mtoto. Wako wanaosema simu ipigwe marufuku kabisa katika pikipiki. Wako wanaosema simu ndiyo jembe la kijana huyo, na ukimnyang'anya umemnyang'anya ugali. Kesi hii si mpya hata kidogo, na ukiifuata toka ilikoanzia utaona kwamba kwa karibu miaka mia moja watu wamekuwa wakimshitaki mshitakiwa asiye sahihi.

Pikipiki na haja ya kujua njia ni ndugu wa siku nyingi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika nchi yetu, majeshi ya Jenerali Smuts yaliyoingia mwaka 1916 kwa upande wa Kilimanjaro yalikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Aliyetaka kutazama ramani ya karatasi ilimbidi asimame, aikunjue, aisome, kisha aikunje tena. Karatasi kubwa na upepo havipatani, kwa hiyo karatasi yenyewe ilikuwa askari wa usalama barabarani.

Lakini binadamu hapendi kusimama. Katika miaka ya 1920 Waingereza walitengeneza kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa, chenye vikaratasi vidogo vya ramani vilivyoviringishwa, ambavyo msafiri alivizungusha kwa vidole kadiri alivyokwenda. Kilikuwa na vikwazo vingi, na leo ni kitu cha kuonyeshwa kwa wageni. Hata hivyo wazo lilikuwa limezaliwa: ramani imfuate msafiri, msafiri asiisimamie ramani.

Kisha ikaja redio, na hapa naomba nikiri upendeleo, maana redio ndiyo inayonilisha. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio ya magari kwa jina la Motorola. Kelele zilipigwa. Huko Massachusetts na katika mji wa St. Louis yalitolewa mapendekezo ya kuipiga marufuku, kwa hoja kwamba muziki utamlaza dereva na kitufe kitamtoa macho barabarani. Redio ilishinda kesi ile, na leo hakuna daladala inayokwenda bila redio. Wanaotetea simu hupenda kuitumia historia hiyo: "Mlisema hivyo hivyo juu ya redio, na wala hatukufa!"

Hoja hiyo ni tamu lakini ina tobo. Redio haingojei jibu. Mtoto akikatiza barabara, dereva huacha kuisikia redio bila kuaga, na mtangazaji hakasiriki. Anayezungumza nawe kwa simu hajui kuwa mtoto amekatiza. Yeye anaendelea kuuliza, "Umefika wapi? Hallo? Mbona kimya?" Abiria aliyepakiwa nyuma anaiona barabara na hunyamaza penye hatari, hata huanza kupiga dua. Wa kwenye simu yuko sebuleni kwake.

Jambo hili halikubaki dhana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walilinganisha saa za ajali na kumbukumbu za simu zilizopigwa, wakaona kwamba dereva akiwa anatumia simu hatari ya kugongana ilikuwa kama mara nne ya kawaida. Lililowashangaza wengi ni kwamba simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa salama zaidi ya zile za kushikwa. Hao walikuwa watu wa magari, yenye magurudumu manne na bati pande zote.

Mshitakiwa asiye sahihi niliyemtaja ni mkono. Nchi nyingi zilipotunga sheria ziliukamata huo. Uingereza ilikataza simu ya kushikwa mkononi kuanzia Desemba 2003, na sheria yao ilizungumzia mawasiliano. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini London ikaamua kuwa dereva aliyekuwa akirekodi picha za ajali kwa simu yake huku anaendesha hakuvunja kifungu hicho, kwa kuwa hakuwa akiwasiliana na mtu! Iliwabidi wabadili sheria, na tangu Machi 2022 kushika simu kwa karibu shughuli yoyote ni kosa. Simu iliyo kwenye kishikio, ikionyesha ramani, bado inaruhusiwa, ili mradi haizuii dereva kuona. Miaka kumi na minane walikuwa wakikimbizana na kiganja.

Siudharau mkono. Katika pikipiki mkono wa kulia una moto na breki ya mbele, wa kushoto una klachi. Hakuna mkono wa akiba. Lakini hebu tupige hesabu ya jicho. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukiitazama simu kwa sekunde mbili tu umekwenda zaidi ya mita 33 kama kipofu, na simu hiyo imefungwa vizuri sana, na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Askari akikutazama hataona kosa lolote.

Wanaoijua vizuri hesabu hiyo ni watu wa mashindano ya jangwani. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya akiwa katika mbio za kutoka Abidjan kwenda Nice, akaokolewa akiwa hoi. Badala ya kuapa kuwa hatarudi, alianzisha mbio za Paris hadi Dakar, zilizoondoka kwa mara ya kwanza Desemba 26, 1978. Waendesha pikipiki katika mbio hizo huongozwa na kitabu cha njia, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mkanda mrefu wa karatasi ndani ya kisanduku mbele ya usukani, wenye vialama vya korongo, jiwe, mti na mahali pa kugeuka. GPS iliingia katika mbio hizo mwaka 1992.

Watu hao hawana budi kusoma wakiwa mwendoni. Ndio mchezo wao. Tazama wanavyofanya, basi. Kisanduku hukaa juu, karibu na mstari wa macho, si chini tumboni. Katika zama za karatasi walikipata kitabu jioni ya kuamkia safari, wakakesha nacho wakipaka rangi penye hatari, ili kesho yake jicho lidonoe tu na kurudi njiani. Hao ni mabingwa wa dunia, peke yao jangwani, bila mkokoteni wa maji wala mtoto wa shule mbele yao, na bado wanaona haya kuutazama ule mkanda kwa muda mrefu.

Kwetu vitu hivi vilifika kwa zamu. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, wakati huo zikiwa za wakubwa na wafanyabiashara. GPS ilikuwa ya wanajeshi. Rais Reagan aliahidi kuwafungulia raia baada ya ndege ya abiria ya Korea iliyopotea njia kutunguliwa na Wasovieti Septemba 1983, lakini ishara waliyopewa raia ilipotoshwa makusudi kiasi cha kukosea kama mita mia moja. Kwa kosa la ukubwa huo, ukitafuta nyumba ya Sinza unapelekwa mtaa wa pili. Upotoshaji huo uliondolewa Mei 2000. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google ikatoa ramani inayoongoza kwa sauti, kona kwa kona, bila malipo, na simu ya kwanza kuibeba ilikuwa, usishangae, Motorola. Kampuni iliyoshitakiwa kwa redio mwaka 1930 ilikuwapo tena kizimbani.

Nayo bodaboda ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na ndiko lilikotoka jina. Pikipiki za bei nafuu zikazipokea baiskeli kazi hiyo. Tanzania ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010. Wakati huo bado mwendesha bodaboda alikuwa mtu wa kijiweni, na ramani yake ilikuwa kichwani.

Na ramani ile si ya kudharauliwa. Dar es Salaam ni mji ulioandikwa kwa mdomo: Magomeni Mapipa, Manzese Darajani, Buguruni Sheli, Tabata Relini, Sinza Kijiweni, Kimara Mwisho. Mgeni huuliza na kuelekezwa, kushoto penye mwembe, halafu duka la Mangi. Majina hayo yalimfanya kijana ainue kichwa, maana alama aliyoitafuta ilikuwa nje, barabarani. Ramani ya simu inamtaka aikute alama ndani ya kioo. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa ninayoyaona katika historia hii yote, na hayasemwi.

Programu za kuitia usafiri ndizo zilizokamilisha mabadiliko hayo. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, na yafaa tuitendee haki, kwani ilianza kwa kusisitiza mafunzo na kofia ya abiria. Wakubwa wa kigeni nao wakaingia katika pikipiki. Desemba 2017 Google ikaanza kutoa njia maalumu za pikipiki katika ramani zake, ikianzia India. Toka hapo simu haikuwa tena kifaa cha mwendesha pikipiki. Imekuwa bwana wake. Kazi inaingia kwa mlio, na anapewa sekunde chache aiguse au impite iende kwa mwingine. Ramani inamwonyesha njia, mteja anamwona kwenye kioo chake akitembea kama sisimizi, na akisimama kidogo anapigiwa kuulizwa amesimama nini. Halafu sisi wengine tunakaa redioni tunamwambia aache simu!

Kwa hiyo nikiulizwa kama mwendesha pikipiki aitumie simu njiani, nasema sauti ya ramani sikioni, moja, isiyopaa juu ya honi za barabarani, naikubali, kwa kuwa inafanana na redio na haingojei jibu. Kusoma, kugusa na kuzungumza, hapana, hata kama simu imefungwa kwa chuma. Njia isomwe kabla ya kuwasha injini, kama wale wa jangwani walivyokesha na rangi zao. Ikipotea, asimame. Abiria anayo haki ya kusema, "Kaka, simama kwanza uongee," na asione haya kuteremka.

Lakini sekunde zile chache za kupokea kazi hazikupangwa na kijana wa kijiweni. Zimepangwa na aliyeandika programu, na mtu huyo anaweza kuandika vilevile kwamba pikipiki ikiwa mwendoni mlio usilie, kazi ingoje mpaka isimame, na simu ya mteja ijibiwe na mashine kuwa mwendeshaji yuko njiani. Kifaa kinachojua pikipiki iko mtaa gani na inakwenda kasi gani hakishindwi kujua kwamba haijasimama. Waandishi wa kanuni zetu wamezoea kuandika mambo ya mwendeshaji: leseni, kofia, abiria mmoja. Ukurasa wa mwenye programu ni mwembamba mno. Mwendesha bodaboda naye anapojiunga husomewa masharti marefu kwenye kioo kile kile cha simu, na huyakubali yote kwa kidole kimoja, akiwa kijiweni, kabla abiria wa kwanza hajapanda.