Neno "kuchakachua" lilitoka kwenye tangi la mafuta

Majuzi nilikuwa Bariadi, kwenye kijiwe cha bodaboda. Dereva mmoja analalamika pikipiki yake haivuti mlimani. Fundi, kabla hata ya kushika spana, akamwuliza: "Mafuta umejaza wapi?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Ndani ya silinda, petroli na hewa hubanwa na pistoni, kisha zinatakiwa kusubiri cheche ya plagi. Mafuta yasiyo na subira hulipuka yenyewe kabla ya wakati. Injini inagonga, nguvu inapotea, pistoni inaumia. Mwaka 1921, Mmarekani Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli, ile kugonga inakoma. Magari yakapata nguvu, lakini moshi ukabeba sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Wenzetu waliongeza kitu ili kupata nguvu. Sisi tukaongezewa kitu kinachoipunguza: mafuta ya taa. Hayo hayana subira kabisa ndani ya injini ya petroli, tena hayageuki mvuke kirahisi. Yanaungua nusunusu, plagi inajaa masizi. Kwenye dizeli madhara hayaonekani haraka, ila ulainishaji unapungua na pampu inalika polepole.

Kwa nini wafanyabiashara walichanganya? Kodi tu. Mafuta ya taa yalitozwa kidogo kwa sababu ni mafuta ya mnyonge, hivyo kila lita iliyoingizwa kwenye petroli au dizeli ilikuwa faida. Ndipo likavuma neno "uchakachuaji". Mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi mkuu, likahama kutoka kwenye mafuta likaenda kwenye kura, na halijarudi!

Mwaka huohuo EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi akipima kituoni ajue kama yamechezewa. Kisha bajeti ya Juni 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Kuchanganya kukakosa faida. Kenya nayo ilipita njia hiyo mwaka 2018.

Dawa ilifanya kazi, lakini nani aliinywa? Mwaka 2011 Simiyu haikuwa hata mkoa, Bariadi ilikuwa bado Shinyanga, na vijijini giza likiingia watu waliwasha kibatari. Bibi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alilipia dhambi ya mtu mwenye tangi. Mtoto aliyekuwa akisomea mtihani kwa koroboi alilipa pia. Leo nguzo za umeme na taa za sola zimefika vijiji vingi, lakini miaka ile ya katikati hakuna aliyewafidia.

Yule dereva alijibu kwamba alinunua ya chupa, kando ya barabara. Fundi akafungua plagi. Nyeusi tii.

Mimi nakubali kwamba uchakachuaji ulipaswa kukomeshwa. Ninachojiuliza ni hiki: mwizi akijulikana anapita dirisha gani, ni lazima tumwongezee kodi mwenye nyumba?