Mgongoni Aliandika Jina la Baba

Juni 16, 2018, Kombe la Dunia kule Urusi. Denmark na Peru, mjini Saransk. Dakika ya 59 jamaa mmoja mrefu, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 24, anafunga bao pekee la mechi. Aliyekuwa kibanda umiza Mwanjelwa au Iringa mjini, akamkazia macho mgongoni, hakusoma Poulsen. Alisoma YURARY.

Huyo ni Yussuf Yurary Poulsen, mzaliwa wa Copenhagen. Mama Mdenmark, baba Mtanzania wa Tanga, aliyefariki kwa saratani dogo akiwa na miaka sita. Jina lile ni la mzee.

Sasa wapo wanaosema aliikataa Bongo. Kivipi? Kalelewa na mama, mpira kajifunzia Denmark, timu zao za vijana kachezea, wakubwa wakamwita 2014. Taifa Stars wakati huo haijaiona AFCON tangu 1980! Halafu kuna ishu ya pasi, ambayo wengi wanairuka. FIFA inataka uwe raia wa nchi unayoichezea, na sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Yaani kuichezea nchi ya baba kungemtaka aachie uraia wa mama aliyemlea peke yake.

Stars ilirudi AFCON 2019, Misri. Poulsen alikuwa ameshafungwa: kwa kanuni za enzi hizo, ukishacheza mechi moja ya mashindano na timu ya wakubwa, huhami tena.