Mbegu nzito, mizizi yenye nguvu: namna ya kuchagua mupunga wa kupanda

Katika teritwari ya Kongolo, jimbo la Tanganyika, walimaji wengi wa mupunga wanategemea mvua tu. Mvua ikikatika siku kumi kisha kupanda, mimea yenye mizizi mifupi ndiyo inakauka ya kwanza. Hapo familia inarudilia kupanda, na mbegu inatoka mu mupunga uliobakia wa kula. Sehemu moja ya hatari hii inaanzia kwenye uzito wa mbegu.

Akiba ndani ya punje

Ndani ya kila punje kuna kichipukizi kidogo sana. Sehemu kubwa inayobaki, ile tunayokula, ni chakula chake. Mbegu ikiota, inatoa kwanza muzizi mumoja. Kisha mizizi mingine inatokea kwenye shina. Mpaka kwenye jani la tatu hivi, mumea bado unasaidiwa na chakula cha punje. Punje iliyojaa inalisha mizizi siku nyingi zaidi. Ile nyepesi inaishiwa mapema, na mizizi inabaki mifupi na michache.

Lakini linganisha mbegu za aina moja. Punje 1000 zinapima kwa kawaida gramu 20 mpaka 30, kufuatana na aina. Aina yenye punje ndogo si mbaya kwa sababu hiyo. Tena, uzito hauponeshi mbegu iliyozeeka ao iliyolala mu unyevu.

Maji ya chumvi na yai

Njia hii ilitengenezwa Japani mwaka wa 1882 na Yokoi Tokiyoshi.

1. Tia maji mu ndoo, weka yai bichi ambalo halijakaa siku nyingi. Litazama.
2. Ongeza chumvi kidogo kidogo, ukikoroga, mpaka yai lielee.
3. Toa yai, mwaga mbegu, koroga. Ondoa zinazoelea, zinazozama ndizo za kupanda.
4. Osha mbegu palepale mara mbili ao tatu kwa maji safi. Chumvi ikibaki, inazuia kuota.

Mbele ya kuingiza mbegu zingine, pima tena maji kwa yai.

Kama chumvi ni bei kali, maji matupu yanasaidia, lakini yanaondoa makapi tu. Punje zilizojaa nusu zinazama pamoja na zile nzuri.

Zilizoelea usizitupe. Zioshe, zianike, uzitwange ao uwape kuku.