Kisiwa Walichosemea kwa Mikono

Ndugu msomaji, tumezoeshwa kuamini kuwa historia hutengenezwa na wafalme na majemadari. Hebu leo tuitazame iliyotengenezwa na chembe ya urithi, kitu kisichoonekana hata kwa macho.

Mwaka 1694 kiziwi mmoja, Jonathan Lambert, alihamia kisiwa cha Martha's Vineyard, karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani. Wazee wake walitoka Kent, Uingereza, kama wa majirani zake wengi. Damuni mwao mlikuwa na jeni iliyobadilika. Ukiirithi kwa mzazi mmoja tu, unasikia vizuri. Ukiirithi kwa wote wawili, unazaliwa kiziwi. Na kisiwani watu walioana ndugu kwa ndugu. Karne ya 19, kule Chilmark, mtu 1 kati ya 25 alikuwa kiziwi. Marekani nzima ilikuwa kama 1 kati ya 5,700.

Sasa utamu uko hapa. Kwa kuwa karibu kila ukoo ulikuwa na kiziwi wake, wenye kusikia nao walijifunza lugha ya ishara tangu utotoni. Wavuvi waliongea kwa mikono toka mashua hii hadi ile. Hata pasipo kiziwi, watu walipigiana stori kwa vidole! Kiziwi alioa, alilima, alivua, alipiga kura kama wengine.

Alexander Graham Bell, yule wa simu, naye alifika kuchunguza. Mwaka 1883 alionya kuwa viziwi wakioana watazaa taifa zima la viziwi, akataka ndoa hizo zipunguzwe na ishara ziondolewe mashuleni. Jeni ni ile ile: bwana mkubwa kaona balaa, mvuvi kaona jirani.

Baadaye vijana viziwi walienda shule Hartford, iliyofunguliwa 1817, wakaoa watu wa nje. Wageni nao wakaingia kisiwani. Kiziwi wa mwisho wa koo zile alifariki 1952.

Mtafiti Nora Ellen Groce, aliyetoa kitabu chake 1985, alimuuliza bibi mmoja habari za wanaume wawili wa zamani. Bibi akajibu kwanza kuwa walikuwa wavuvi hodari. Uziwi wao aliukumbuka baada ya kuulizwa tena.

Basi wenzangu, jeni ilileta ukimya tu. Kumwita mtu mzigo au mvuvi hodari, hilo liliamuliwa na watu.