Wiki Tano za Nsele

Mwalimu wetu wa ngumi pale Temeke alikuwa na zoezi moja nililolichukia kuliko kuruka kamba, kuliko begi, kuliko kukimbia alfajiri huku daladala zikikupigia honi. Anakusimamisha konani, mikono usoni, halafu wenzako wanapokezana kukupiga mbavuni raundi nzima. Huruhusiwi kurudisha. “Zoea,” alikuwa akisema. “Mwili ukizoea, akili haiogopi.” Ukimuuliza zoezi hili kalitoa wapi, jibu lilikuwa moja tu: Ali, Kinshasa.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Kumpa mtu wa fani yangu jibu kama hilo ni kumchokoza, nikaenda kuchimba.

Hadithi tuliyolelewa nayo ni ya ujanja. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri, ili Wamarekani waangalie kwenye kumbi za sinema usiku wao, Muhammad Ali, miaka 32, alipanda ulingoni Kinshasa kupambana na George Foreman, miaka 25, aliyeshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo kwa KO. Ali akaegemea kamba, akaacha apigwe, jitu likachoka, na raundi ya nane akaliangusha. Sungura na fisi, basi. Umati ulikuwa ukiimba “Ali, boma ye”, ambayo kwa Kilingala ni “Ali, muue”. Sisi Waswahili tukisikia boma tunafikiria ua au ngome, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilidhani wanamwambia ajenge ngome. Tena si alijenga?

Lakini ujanja haukuzui ngumi ya Foreman. Mbavu ndizo zinazoipokea. Swali langu likawa: mbavu zile zilitoka wapi?

Anza na hesabu. Foreman alimpiga Joe Frazier Januari 1973 kwa raundi mbili, José Roman kwa raundi moja, na Ken Norton Machi 1974 kwa raundi mbili. Mapambano yake matatu ya ubingwa, ukiyajumlisha, hayakutimiza raundi tano. Alikuwa anashinda haraka mno kiasi kwamba mwili wake ulikuwa umesahau raundi ya saba inafananaje. Sasa mtazame Ali. Kati ya Machi 1973 na Januari 1974 alipigana mara nne, kila mara raundi 12 kamili. Raundi 48 ndani ya miezi kumi. Katika pambano la kwanza kati ya hayo, Norton alimvunja taya, naye akamaliza akiwa amesimama. Waandishi wengi walilisoma hilo kama dalili ya mzee aliyekwisha. Mimi naona ni maandalizi, ingawa yeye mwenyewe asingechagua kuandaliwa hivyo.

Halafu kuna kambi ya Deer Lake, Pennsylvania, aliyoianzisha mwaka 1972. Nyumba za magogo, kukata miti kwa shoka, na mawe makubwa ambayo baba yake, mchoraji wa mabango, aliyaandika majina ya mabondia wakubwa waliotangulia. Huko Ali alikuwa na tabia iliyowashangaza wageni: aliegemea kamba na kuwaacha vijana wa mazoezi wampige mwilini. Mwalimu wetu, kumbe, hakuzusha.

Kisha bahati. Pambano lilipangwa Septemba 25. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho kwa kiwiko cha mwenzake wa mazoezi, na tarehe ikasogezwa wiki tano. Sehemu hii wapenzi wa ngumi huipita mbio, nami naiona ndiyo kiini. Foreman hakuweza kufanya mazoezi ya kupigana mpaka kidonda kifunge, na hakuipenda nchi ile. Alikuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, aina ile ile waliyoikumbuka watu kutoka enzi za Wabelgiji. Ali alikuwa Nsele, kando ya mto Kongo, akikimbia kabla jua halijatoka, akipiga soga na kila aliyepita, akiwafundisha watoto wimbo wa kumtukana Foreman. Wiki tano zile zile zilimtafuna mmoja na kumlisha mwingine.

Hata ulingoni hakuanza na kamba. Raundi ya kwanza alishambulia kwa mkono wa kulia, bila jebu kutangulia. Foreman hakuanguka. Raundi ya pili ndipo akarudi kambani, huku akiongea, akimuuliza kama ndizo ngumi zote alizonazo. Mwili uliokwisha kupita raundi 48 ulijua unachofanya.

Hapa ndipo mwalimu wangu huishia. Mimi niliendelea kusoma.

Septemba 1977 Ali alipigana raundi 15 na Earnie Shavers. Baada ya hapo daktari wake, Ferdie Pacheco, alipoona vipimo vya figo, alishauri aache. Hakusikilizwa, akaondoka yeye. Oktoba 1980, Las Vegas, Ali wa miaka 38 alisimama mbele ya Larry Holmes, mmoja wa vijana wale wale waliokuwa wakifanya naye mazoezi Deer Lake. Alipigwa raundi kumi mpaka Angelo Dundee akakataa kumrudisha ulingoni. Mwaka 1984 aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana ni kwa kiasi gani ngumi zilichangia. Sina mamlaka ya kuwaamulia, ila najua ubongo hauoti sugu kama kiganja.

Nilimweleza mwalimu haya jioni moja, tukikunja bandeji. Alisikiliza vizuri, ni mtu msikivu. Akasema, “Lakini Kinshasa alishinda, mwanangu.” Nikasema ndiyo, mwalimu, alishinda.

Siku hizi zamu yangu ya konani ikifika naomba radhi na kuchukua kamba ya kuruka. Wananicheka kidogo. Kuna kijana wa miaka 17 anayeingia badala yangu, mwepesi, jebu lake tamu kulitazama. Juzi tukitoka aliniomba panadol.