Mtoto mdogo atalala wapi? Kwa familia zinazosafiri Iringa na Mbeya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Kila yanapokaribia mapumziko ya katikati ya mwaka hutujia maswali ya familia za Unguja na Pemba zinazokwenda Nyanda za Juu Kusini. Wengine wana jamaa waliooa huko, wengine wana vijana vyuoni, wengine hufuata mchele na viazi, na wapo wanaokwenda kutembea Hifadhi ya Ruaha. Hukumu za Swala ya safari zinajulikana na wengi. Lisilofikiriwa mpaka mtu afike mapokezi ya gesti saa nne za usiku ni hili: mtoto wa mwaka mmoja, miwili au mitatu alale wapi?

Tuanze na baridi, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wafanye jambo la hatari. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto aliyezaliwa Wete au Makunduchi hajawahi kuionja baridi hiyo, na wazazi wake nao hawajui wamfunike vipi. Hapo ndipo mwenyeji, kwa ukarimu, huleta jiko la mkaa chumbani ili wageni wapate joto.

Jiko hilo lisilale nanyi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Wengi hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha basi hatari imekwisha, na sivyo; hewa hiyo inaendelea kutoka bila ya moshi wowote. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo hudhurika mapema, na hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Mtu akiamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kutapika, au mtoto akiwa amelegea na ni vigumu kumwamsha, watoeni wote nje kwenye hewa safi mara moja na mkimbilie hospitali: Iringa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Waelezeni madaktari kwamba palikuwa na jiko la mkaa chumbani, maana bila ya kuambiwa wanaweza kudhani ni malaria au tumbo.

Na hili si ushauri wa kidaktari pekee. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, Mtume (S.A.W.) alipopewa habari alieleza kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Allah naye amekataza katika Surat al-Baqara, aya ya 195, mtu kujitia katika maangamizi kwa mkono wake. Tunaloliona sisi ni kwamba haifai kulala na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, achilia mbali kumlaza humo mtoto ambaye ni amana. Mwenyeji ashukuriwe kwa maneno mazuri, na jiko litolewe nje.

Badala yake joto litafutwe kwa nguo. Mvisheni mtoto nguo mbili au tatu nyepesi zilizopandana, soksi, kisha blanketi. Ni bora kuliko koti moja zito linalomfanya atoe jasho na kuamka ameloa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga inaweza kuwekwa kitandani kabla ya kulala ili kupasha godoro, lakini iondolewe kabla ya mtoto kulazwa, kwani kizibo kikilegea huunguza. Blanketi la pili liombeni mapema, saa za mchana. Usiku wa manane mhudumu mwenyewe amelala.

Sasa kitanda. Katika gesti nyingi za bara msitarajie kitanda cha mtoto. Hicho hupatikana katika baadhi ya hoteli kubwa tu, na hata huko ni lazima kiagizwe kabla. Kwa hiyo mnapopiga simu ulizeni kitanda ni cha futi ngapi. Nne kwa sita hakiwatoshi wawili na mtoto. Sita kwa sita kinatosha, na mtoto alale upande wa mama, si katikati chini ya blanketi zito la wakubwa. Kitanda kikisogezwa ukutani hakikisheni hakuna mwanya, kwa sababu mtoto mdogo huweza kuteleza akabanwa kati ya godoro na ukuta. Tunachokipendelea zaidi ni godoro la ziada sakafuni juu ya mkeka, mbali na mlango na waya za umeme: hapo hana pa kuanguka. Wenye gesti wengi hukubali, pengine kwa kuongeza fedha kidogo. Bei ikubaliwe kabla ya kulipa. Aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe juu ya mto wala godoro linalobonyea.

Chumba cha ghorofani chenye roshani kina hukumu yake. Abu Daud amepokea makemeo ya Mtume (S.A.W.) juu ya anayelala kwenye dari isiyo na kizuizi, na mtoto anayetambaa ana haki zaidi ya kuhifadhiwa. Ombeni chumba cha chini.

Neti isiachwe kwa kuwa ni baridi. Visiwani kwetu malaria imepungua sana, na kwa hiyo watoto wetu hawana kinga ya mwili ya kupambana nayo. Njia ya kwenda huko inapita Morogoro na mabonde yenye joto, na anayeteremka Kyela kutoka Mbeya ameingia tena kwenye mbu.

Wengi wametuuliza kuhusu hosteli za makanisa, za Kilutheri na Kimoraviani, ambazo zipo katika miji hii. Zina utulivu, na kwa familia yenye mtoto huwa afadhali kuliko gesti yenye baa chini na muziki mpaka alfajiri. Kukodi chumba kwa asiyekuwa Muislamu ni muamala unaojuzu, Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi wa Madina ili apate shayiri. Pakiwa na msalaba ukutani, swalini mkielekea mahali ambapo hauko mbele yenu. Kibla cha Mbeya, kwa faida, kinapinda kidogo mashariki ya kaskazini, si kaskazini moja kwa moja kama tulivyozoea Unguja.

Kuhusu mkojo wa mtoto kitandani: wepesi wa kunyunyizia maji bila ya kuosha, uliothibiti katika hadithi ya Ummu Qays bint Mihsan (R.A.), ni wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili ambaye chakula chake ni maziwa tu. Mtoto anayekula uji na wali, wa kiume au wa kike, mkojo wake huoshwa. Godoro likipata, likausheni kwa kitambaa mpaka unyevu uondoke, kisha mmiminie maji safi yaenee mahali pale. Ni tabu, na godoro la sponji halikauki katika baridi ile, kwa hiyo chukueni plastiki ya kutandika chini ya shuka tangu nyumbani. Msifiche lililotokea. Mgeni anayefuata huenda akaswali juu ya kitanda hicho, na mwenye mali ana haki ya kujua. Akidai gharama ya kufua, alipwe.

Wakubwa wa mtoto huyu nao wasisahauliwe. Amri ya kutenganisha malazi imekuja kwa waliofikia miaka kumi, kwa hiyo familia yenye kijana na binti wa umri huo ichukue vyumba viwili, au walau magodoro mbalimbali, mama na mabinti upande wao. Wanaokwenda Mbeya kwa treni ya TAZARA wakate tiketi za chumba kizima, vitanda vinne daraja la kwanza au sita daraja la pili, kwani vinginevyo wanaume na wanawake hutenganishwa, na mtoto alazwe kitanda cha chini.

Mkishafika chumbani, mtoto asiachwe nje jua linapozama; fungeni milango kwa jina la Allah, na mumsomee kinga kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwasomea Hasan na Husayn.

Wallahu a'lam.